Pampu ya Choo cha Gari: Kabla Hujailaumu, Angalia Waya

Jambo la leo wengi wetu huona haya kulitaja mbele za watu, lakini aliyewahi kusafiri na wazee na watoto kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita karibu 480, analijua vyema. Ni choo. Mama mwenye sukari hawezi kungoja mpaka gari lifike Mtito Andei. Ndiyo sababu baadhi ya nduguzetu, walio na uwezo kidogo, hununua basi kuukuu, wakang'oa viti na kutia vitanda, jiko, tangi la maji safi na choo, likawa nyumba ya magurudumu. Wazungu wana magari ya namna hii tangu zamani. Kwetu bado ni mageni, na ugeni wake umejificha chini ya sakafu, kwenye pampu ya maji taka na nyaya zake.

Kazi ya kuligeuza gari hufanywa sana huko bara, na mtu akiuliza ataelekezwa Thika Road. Thika ndiko kilipo kiwanda cha KVM, kilichoanza miaka ya 1970 kikijulikana kama Leyland Kenya, na ndiko zinakounganishwa hata basi za umeme za BasiGo siku hizi. Ukiteremka kutoka hapo kuja Juja mpaka Ruiru hukosi fundi wa bodi, wa kuchomelea, wa viti, wa vioo na wa rangi. Kwa chuma, mafundi wale sina la kuwakosoa. Mtu anakata bomba kwa jicho tu, na ukilipima halikosi hata nukta. Udhaifu niliouona uko kwenye umeme mdogo, ule wa volti 12 na 24. Huo hukabidhiwa yeyote aliyepo, kwa hoja kwamba haupigi mtu shoti.

Kweli haupigi. Lakini unaunguza gari, na watu wamelala ndani.

Mimi nilisoma umeme Mombasa Polytechnic, enzi hizo kabla haijaitwa Technical University of Mombasa, nikatoka na diploma. Tangu hapo nimefunga nyaya za nyumba, za boti na za magari. Mwaka huu jamaa yangu mmoja wa Kisauni aliniomba nipande bara nikamkagulie basi lake la Isuzu lililokuwa karakana moja ya Ruiru, kabla hajamalizia malipo. Karakana hiyo siitaji jina, kwa kuwa nililoliona pale nimeliona pia kwingine.

Kwanza tuelewane chombo chenyewe. Choo cha gari hakina shimo chini yake, kina tangi lililofungwa chini ya sakafu. Likijaa, lazima limwagwe mahali panaporuhusiwa. Tangi likiwa juu kuliko shimo la kumwagia, unafungua vali na uchafu unashuka wenyewe. Lakini mara nyingi shimo liko mbali au liko juu, ndipo inapohitajika pampu. Pampu ya kazi hii ina visu vya kusaga kilichomo, na nyuma ya visu ina gurudumu la mpira linalosukuma uji ule ndani ya mpira mwembamba hadi shimoni. Wenye mashua za starehe Mtwapa na Kilifi wanaijua, maana ndiyo hiyohiyo inayofungwa kwenye boti. Ile ya volti 12 hula ampi 10 hadi 20 ikiwa kazini, na wakati wa kuanza kuzunguka hula zaidi ya hapo.

Hizo ampi ndizo zinazowapoteza watu. Pampu inayokula ampi 15 kwa volti 12 ni ya wati 180, sawa na balbu tatu za zamani za wati 60. Fundi aliyezoea nyumba husikia wati 180 akacheka. Kwenye umeme wa nyumbani wa volti 240, wati hizo hazifikishi hata ampi moja, na waya wa taa unazibeba bila taabu. Lakini volti zikipungua mara 20, ampi zinaongezeka mara 20. Waya hauulizi wati, unauliza ampi.

Basi la jamaa yangu, pampu yake ilikuwa imejaribiwa mbele yake siku mbili kabla, injini ikiwa inanguruma, ikafanya kazi. Mimi nilifika saa tatu asubuhi, injini baridi, tangi limejazwa maji. Nikabonyeza swichi. Pampu ikaguna, ikazunguka kivivu, ikanyamaza. Kijana wa umeme akaniangalia akaniambia, "Ustadh, hii pampu imekufa. Inatakiwa mpya." Pampu yenyewe ilikuwa bado na karatasi ya dukani.

Nikatoa mita. Betri, bila mzigo, ilisoma volti 12.6, hivyo haikuwa na neno. Nikamwambia kijana ashike swichi, nikapima tena betrini: 12.2. Nikaenda nyuma ya gari nikapima penye pampu yenyewe, swichi ikiwa imeshikwa: 9.8. Volti mbili na nukta nne zilikuwa zimepotelea njiani. Nikaufuata waya kwa mkono, na kwenye maungio ya kwanza nilikuta tepu imelegea kwa joto.

Waya wenyewe ulikuwa wa milimita 1.5, ule mweupe bapa tunaofungia taa za nyumbani. Betri ilikuwa nyuma ya dereva na pampu karibu na bampa la nyuma, njia ya mita 7. Na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 14. Ukizidisha 0.0172, ambacho ndicho kipimo cha ukinzani wa shaba, kwa mita 14, ukagawanya kwa 1.5, unapata omu 0.16. Zidisha kwa ampi 15, unapata volti 2.4. Hesabu ikatoa kile kile kilichosomwa na mita, na kijana yule, ambaye si mjinga hata kidogo, akaomba kalamu akaiandika ukutani.

Wakati injini inanguruma alternata hupandisha volti hadi karibu 14, kwa hiyo ule upotevu haukuonekana. Ndiyo maana pampu ilifanya kazi siku ya kuonyeshwa mwenye gari. Lakini nani anamwaga tangi injini ikinguruma? Watu humwaga asubuhi na mapema, gari limezimwa, betri imelala usiku kucha ikiwasha taa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokuchagulia waya. Milimita 2.5, ule wa soketi, unapoteza karibu volti 1.4 kwa njia ile. Milimita 6 unapoteza 0.6. Milimita 10 unapoteza 0.36, yaani asilimia 3 ya volti 12, na hicho ndicho kiwango ninachokitaka mimi kwa kitu chenye mota. Tulitia wa milimita 10. Jamaa yangu alilalamikia bei, na waya huo si rahisi kweli, lakini pampu mpya aliyokuwa akiambiwa anunue ilikuwa ghali zaidi, na ingekufa vilevile. Mota inayonyimwa volti haipumziki. Inakwama, na ikikwama inavuta ampi nyingi zaidi na kujichoma yenyewe.

Unene peke yake hautoshi. Waya wa gari uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, si ule wa nyumbani wenye uzi mmoja au nyuzi chache ngumu. Nyumba haitikisiki. Gari linatikisika kila sekunde kutoka Ruiru mpaka Kisauni, na waya mgumu hukatika ndani ya ngozi yake bila mtu kuona. Ukinunua, kwaruza ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, rudisha.

Kulikuwa na kosa la pili pale, na hili nawaomba wenye basi na lori mlisome pole pole. Isuzu lile, kama lori na basi nyingi, ni gari la volti 24. Lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa moja nyuma ya nyingine. Pampu ilinunuliwa ya volti 12, basi fundi akaitolea umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Kwa siku ya kwanza unaona imefanya kazi ukafurahi. Lakini alternata huzichaji zile mbili kana kwamba ni kitu kimoja, haijui kwamba moja inanyonywa pembeni. Ile inayonyonywa haijai kamwe, na mwenzake inajazwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka. Baada ya miezi michache zote mbili hazifai, na mwenye gari analaumu duka la betri. Hiace haina tatizo hili, kwa sababu ni ya volti 12 tangu kiwandani.

Mwenye gari la volti 24 ana njia tatu. Ya kwanza, na ndiyo nyepesi kama hujanunua bado, ni kuchukua pampu ya volti 24. Ampi zinakuwa nusu, na kwa ile njia ya mita 7 waya wa milimita 2.5 unatosha, upotevu ukiwa ule ule wa asilimia 3. Ya pili ni kutia kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, lakini kiwe kikubwa, cha ampi 30 hivi, kwa ajili ya ule mvuto wa kuanzia. Ya tatu ndiyo tuliyoifuata sisi, maana pampu ilikuwa tayari ipo: betri ya peke yake kwa ajili ya nyumba, ya volti 12, inayochajiwa na paneli ya sola juu ya paa kupitia kidhibiti chake, isiyogusana na betri za injini. Betri ya saizi ya ampi 100 kwa saa ni nyingi mno kwa pampu hii. Dakika tano za kumwaga kwa ampi 15 hazimalizi hata mbili katika hizo mia. Faida nyingine ni kwamba hata taa na feni zikiachwa usiku kucha, gari litawaka asubuhi.

Sasa mpangilio. Kutoka kwenye nguzo ya chanya ya betri, kitu cha kwanza ni fyuzi, na iwe karibu, shibiri moja tu. Pale Ruiru fyuzi ilikuwa nyuma, jirani na pampu. Fyuzi hailindi pampu, inalinda waya. Waya ukichubuka katikati ya njia na kugusa chesi, fyuzi iliyoko mwisho wa njia haina habari, na betri itamwaga mamia ya ampi kwenye ule waya mpaka ngozi yake iwake. Kwa pampu ya ampi 15 tulitia fyuzi ya 20. Ikikatika, tafuta kilichoikata. Kuna mtindo wa kutia fyuzi kubwa zaidi, au kufunga karatasi ya sigara, wallahi nimeiona kwa macho yangu.

Baada ya fyuzi ni rilei. Swichi ndogo ya ukutani haifai kubeba ampi 15, itaungua ndani taratibu. Rilei ya kawaida ya gari, ya ampi 40 na koili ya volti 12, ina miguu yenye namba. Waya kutoka fyuzi unaingia 30, waya wa kwenda pampu unatoka 87. Miguu 85 na 86 ni ya koili: mmoja unakwenda kwenye hasi, na mwingine unapokea umeme kutoka swichi. Waya wa swichi unaweza kuwa mwembamba wa milimita 1, kwa kuwa koili hula kidogo sana, lakini upe fyuzi yake ndogo ya ampi 3. Waya wa milimita 10 hauingii kwenye miguu ya rilei, hivyo mwishoni tuliunga kipande kifupi cha milimita 4. Kipande cha kiganja kimoja hakipotezi kitu.

Swichi yenyewe iwe ya kubonyeza na kushikilia, kidole kikitoka inazima. Gurudumu la mpira ndani ya pampu hulainishwa na kile kinachopita. Tangi likiisha na pampu ikiendelea kuzunguka kavu, mpira unaungua kwa muda mfupi tu. Swichi ya kuwasha na kuacha, mtoto akiipiga akaenda kucheza, imekwisha pampu.

Rilei na swichi usizifunge kwenye kisanduku kimoja na tangi. Choo kinatoa gesi inayowaka, na rilei kila inaposhika hutoa cheche. Vivyo hivyo betri: ile ya maji hutoa gesi inapochajiwa, iwe kwenye sanduku lenye tundu la hewa kutokea nje.

Kuhusu hasi, mafundi wengi huokoa pesa kwa kuifunga kwenye chesi, kwamba chuma ni chuma. Gari la Nairobi labda. Gari litakaloegeshwa Nyali au Malindi, hewa ya chumvi itakula ile bolti, na kutu haipitishi umeme. Rudisha waya wa hasi mpaka betrini, unene uleule. Maungio yabanwe kwa koleo la kazi hiyo na vichwa vya shaba, kisha yavikwe mpira unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani. Tepu si maungio. Na kila waya unapopita kwenye bati, tundu lipate mpira wa kuzuia makali, na njia nzima ipite ndani ya bomba, mbali na egzosti na juu ya usawa wa tangi, tangi likivuja lisilolewe na nyaya. Chanya na hasi zisibadilishwe pale penye pampu, kwa kuwa mota itazunguka kinyume na uchafu hautasogea, halafu utaambiwa tena pampu imekufa.

Kuna neno moja la kwetu hapa ambalo vitabu vya Wazungu havina. Vipimo vyao vya matangi vimekadiriwa kwa mtu anayetumia karatasi. Sisi tunastanji kwa maji, na kopo moja linaweza kuzidi maji ya kuvutia choo chao. Tangi walilosema litajaa kwa siku nne, kwa familia ya Kiislamu ya watu watano litajaa kwa siku mbili. Kwa upande mwingine, maji mengi yanairahisishia pampu kazi, haikutani na mafundo ya karatasi. Mimi nilimshauri jamaa yangu aongeze tangi, na aweke tangi la pili kwa maji ya karo na ya kuogea na kutawadha, yasichanganyike na ya choo. Na kwa kuwa nyuma ya gari ndipo alipotaka pawe pa kuswalia, tuliihamisha sehemu hiyo mbele, mbali na tangi. Pampu ikivuja tone moja chini ya zulia, sakafu imenajisika na huenda usijue kwa mwezi mzima.

Kabla ya kulipa, jaribu hivi. Jaza tangi maji safi. Acha gari lilale usiku, injini imezimwa. Asubuhi shikilia swichi dakika mbili, upime volti kwenye nguzo za betri, kisha kwenye nguzo za pampu, zote zikiwa kazini. Zikitofautiana kupita nusu volti, kataa. Letu lilisoma 12.3 kwenye betri na 11.9 kwenye pampu. Pitisha mkono kwenye kila ungio: pakiwa moto, pafunguliwe. Halafu ng'oa fyuzi ukabonyeze swichi. Pampu ikizunguka bado, kuna waya wa siri mahali fulani, na nimewahi kuukuta.

Limebaki swali la mahali pa kumwaga. Huku kwetu hatuna vituo vya barabarani vya kumwagia kama vilivyoko Ulaya na Marekani. Thika ina mabomba ya maji taka ya mji, na kampuni ya maji ndiyo ya kuuliza kibali. Kwingine unaweza kuelewana na mwenye hoteli yenye shimo kubwa, au kumwita mwenye lori la kunyonya. Nililolisikia karakanani likanitia uchungu ni, "Usiku mnamwaga tu mtoni, mvua itachukua." Kanuni za Ubora wa Maji, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, zinakataza. Lakini tuiweke sheria kando, tufuate maji. Mto Ruiru unaingia Mto Nairobi, nao unaingia Athi, Athi unakuwa Galana, na Galana ndio Sabaki wetu unaomwagika karibu na Malindi. Mto Thika unaingia Tana, na Tana unatokea Kipini. Mito yote miwili inayopita kwenye karakana zile inashuka kuja kwetu, na kabla ya kufika baharini kuna watu wanaochota humo kwa ndoo, Garissa, Hola, Garsen na Sabaki.

Gari likishafika Pwani, kila baada ya miezi mitatu fungua kisanduku cha fyuzi na cha rilei uangalie ukungu wa kijani kwenye shaba. Ukiuona, safisha kwa brashi ya waya, kausha, upake grisi. Kwenye dashibodi weka fyuzi mbili za ampi 20, moja ya ampi 3, rilei moja na gurudumu la mpira la akiba. Na mwambie fundi akuchoree njia ya nyaya kwenye karatasi, uibandike nyuma ya mlango wa kabati. Yule kijana wa Ruiru alituchorea kwa rangi mbili, akaandika unene wa kila waya pembeni yake na tarehe chini.